Lita Tisa

Lita tisa.
Ndoo yetu ya kuchotea maji inazidi hapo.
Na humo nataka vikae ubao mama,
kichakataji, kadi ya picha yenye feni mbili,
na nyaya zote na hasira zake.

Kadi niliinunua Makoroboi, mtumba,
kwa kijana aliyeapa haijawahi kuchimba sarafu.
Nilipoipuliza, likatoka vumbi la mji mwingine.

Usiku wa kwanza ilidumu dakika kumi na moja.
Nyuzi tisini na saba. Kioo kikawa giza
mpira ukiwa hewani, goli tupu.
Chumba chetu Bugarika kimeegemea jabali,
na jabali halina habari kuwa jua limezama:
hunywa mchana kutwa,
likatutapikia usiku, polepole, hadi saa nane.
Nikafungua dirisha. Hewa ya ziwa ikaja
na usubi wake, wingu zima,
lile linalosimama juu ya maji asubuhi
kama moshi wa meli ambayo haipo.
Kulipokucha, feni ilikuwa imevaa sufu ya mabawa.

Nikaenda Mabatini kwa Bulugu, mfua majiko.
Akaligeuzageuza kasha, akacheka:
"Miaka tisa natoboa bati ili moto upate pumzi.
Wewe wa kwanza kuniletea moto nije kuufukuza."
Lakini alielewa upesi kuliko wauza kompyuta.
Matundu chini. Matundu juu.
Ubavuni akakataa katakata:
"Ukitoboa kila mahali, hewa itaingia na kutoka
kama mgeni aliyekosea nyumba."
Akaliwekea miguu minne ya nondo,
vidole viwili kutoka mezani.
Ananidai elfu tatu mpaka leo.

Chini nikashona kipande cha chandarua kikuukuu:
usubi ubaki nje, upepo uingie.
Dawa ya joto, punje moja ya mchele.
(Mara ya kwanza niliweka punje ya hindi,
ikafurika, nikaifuta kwa soksi.)
Nikahesabu mapezi ya alumini: hamsini na mawili.
Sangara hana mengi hivyo.

Mama yangu yuko kiwandani, anachakata samaki.
Mashine yangu inachakata namba.
Lugha imewapa kitenzi kimoja,
ila yeye ndiye anayelipia umeme wa wote wawili.

Alirudi saa tatu usiku, vidole vyeupe kwa barafu,
vidole visivyoweza kufungua kifungo.
Akaweka mgongo wa mkono juu ya kasha
kama alivyokuwa akiniwekea mimi pajini.
"Ana homa huyu. Si ya kulazwa."
Kisha akauliza, napoza kwa nini.
Kwa hewa tu, nikasema, ndiyo inayotengeneza baridi.
"Baridi haitengenezwi," akasema.
"Fundi wa majokofu alitwambia siku umeme ulipokatika
na tani sita zikatuozea:
baridi hakuna anayeitengeneza.
Joto ndilo linabebwa, linamwagwa kwa wengine.
Lako unalimwaga wapi?"

Sikuwa nimewaza hilo.
Wiki tatu nimepima nyuzi za ndani ya sanduku,
sikupima za chumba.
Nikatazama: matundu ya Bulugu
yalikuwa yanapulizia kichwani mwa kitanda chake.

Nikanyosha mkono nizime.
"Acha," akasema.
Akavuta kigoda, akakunjua viganja juu ya matundu
kama mtu aotaye moto,
akafumba macho.

Nilicheza mechi tatu, sauti nimeiondoa.
Nyuzi sabini na moja, haikupanda.
Nilifungwa zote.